Kernel Zote Zilizoitwa Mokaya

Kwa vijana wa kiwandani, na hasa kwako Cherono, fundi uliyebaki na funguo zangu.

Siku mliyoniaga mlinipa blanketi, saa ya ukutani na hotuba kumi na saba. Nilizihesabu. Meneja alisema mimi ndiye niliyeleta kompyuta katika nchi hii ya chai, na sikumsahihisha kwa sababu keki ilikuwa haijakatwa. Halafu wewe Cherono ukainua mkono ukauliza mbele ya watu wote, "Mzee Langat, kabla hujatoka kwa geti utuambie. Kila kernel kwa ile mashine ya feni imeandikwa mokaya hapo mwisho. Mokaya ni nani?"

Nikajibu, "Huyo alikuwa ng'ombe wangu wa kwanza. Ukimkamua, mto Kipsonoi ulikuwa unaona haya."

Watu wakacheka mpaka soda zikamwagika. Hata wewe ulicheka. Nikaenda nyumbani na blanketi langu, na mpaka leo liko ndani ya karatasi yake, sijalifungua.

Basi nimekaa kuandika. Vyeo na mishahara sitavigusa; vya kwangu vilikuwa kama vya kila mtu, vilichelewa. Nitaandika kuhusu mashine ya feni na mtu aliyeipa jina. Ilinichukua miaka yote hii kupata nafasi, nanyi mnajua mimi huwa sikosi nafasi ya kuongea.

Niliingia kiwandani nikiwa mbeba majani kule juu, kwenye vitanda vya kunyaushia. Magunia yanapanda na mnyororo, unamwaga majani mabichi juu ya kitanda kirefu cha wavu, na chini yake feni inapuliza hewa mpaka majani yalegee, ndipo yashuke kusagwa. Siku ya kwanza nilibeba magunia elfu moja. Sawa, labda mia mbili. Msimamizi wetu alikuwa Mama Chelang'at, mwanamke mfupi mwenye sauti ya king'ora, aliyejua hali ya jani kwa kulishika tu. Alinifundisha somo langu la kwanza kabla sijapewa koti: "Jani ni kitu hai. Inapumua. Ukiilundika bila hewa, inapata homa, inajipika yenyewe, inakuwa nyekundu. Ikishakuwa nyekundu, hata Mungu hawezi kuirudisha kijani."

Shule niliiachia darasa la nane. Mambo ya kidato cha nne niliyafuata kwa masomo ya jioni pale Sosiot, kwenye madawati ya watoto wa darasa la pili, magoti yakigusa kidevu, mwalimu mmoja akifundisha hesabu, kemia na Kiingereza kwa kipande kimoja cha chaki. Nikapata cheti nikiwa tayari baba wa watoto wawili. Kisha nikaenda chuo cha kompyuta mjini Kericho, kilichokuwa juu ya duka la mbolea. Wanafunzi arobaini, kompyuta nne, na moja kati ya hizo ilikuwa ya maonyesho. Nilihitimu nikinuka mbolea lakini nilihitimu. Ndipo nikaambiwa kiwandani nishuke kutoka vitandani hadi ghorofa ya chini, kwa Mzee Mokaya, nikawe msaidizi wake.

Mokaya alikuwa fundi umeme kutoka milima ya Kisii, ng'ambo ya Sotik. Alifanya kazi kwenye mashamba makubwa ya chai tangu ujana wake, akajifunza kompyuta peke yake, kwa vitabu alivyovitoa kwa printa na kuvishona kwa uzi wa gunia. Miwani yake ilikuwa na sikio moja. Lile jingine lilikuwa waya wa simu. Alikunywa chai bila maziwa, katikati ya nchi ya ng'ombe, na sisi Wakipsigis tulimwogopa kidogo kwa sababu hiyo. Hakuwa mtu wa maneno. Siku yangu ya kwanza alinipa brashi ya kunyolea ndevu. Nikamwambia, "Mzee, mimi nina cheti cha kompyuta."

"Najua," akasema. "Cheti kiweke mfukoni. Brashi iweke mkononi."

Sasa niwaeleze ile mashine, maana nyinyi mnaletewa kila kitu tayari kama mkate wa duka. Kiwanda kilikuwa kimenunua kompyuta ya kuendesha feni zote arobaini za vitanda. Inasoma joto na unyevu, inawasha, inazima. Siku ilipofungwa, mkandarasi aling'oa swichi zote za mkono, ati wafanyakazi wasiguseguse. Mokaya alilalamika kwa barua mbili. Hakujibiwa.

Kernel ni kile kiini cha mfumo kinachokaa kati ya programu na chuma. Programu ikitaka feni iwake, haiwezi kushika waya. Inaiomba kernel, kernel inaiambia kadi, kile kibao cha saketi kilichounganishwa na nyaya za feni, kadi inavuta umeme. Na kadi yetu ilitengenezwa na kampuni iliyofilisika kabla hatujatoa mashine kwenye katoni. Hakuna kernel ya kawaida duniani iliyoijua. Mokaya ndiye aliyekaa akairekebisha programu yake ndogo, kurasa sita za msimbo, mstari kwa mstari, mpaka kadi ikatii. Kwa hiyo kila tulipohitaji kernel mpya, ilibidi tuchukue msimbo wote wa kernel, mafaili mengi kuliko majani ya Belgut nzima, tuchomeke zile kurasa sita, kisha tuipike wenyewe. Tulisema hivyo, kupika. Kabla ya kupika unajibu maswali kwenye skrini, mamia, na kila swali lina majibu matatu: kipande hiki kiungwe ndani ya kernel yenyewe, kiwekwe pembeni kwenye diski kiitwe kikihitajika, au kitupwe. Mokaya alikuwa na daftari la kurasa tisini na sita ambamo aliandika kila jibu kwa penseli, na sababu yake.

Mwisho wa maswali kuna moja la hiari. Unaweza kuongeza neno lako baada ya namba ya kernel. Yeye aliandika mokaya.

"Mzee, na wewe una majivuno," nikamtania.

"Si majivuno. Mtu akiikuta imeharibika, ajue wa kumwita."

Kernel yangu ya kwanza kupika ilinitoa machozi. Kazi ilikuwa ya saa tano. Baada ya dakika arobaini ikasimama, kosa. Nikaanza upya, ikasimama baada ya saa mbili, faili jingine kabisa. Nikaanza tena; dakika kumi. Nilinakili msimbo upya kutoka kwenye sidii. Niliomba. Nilibadilisha kiti. Siku ya tatu nilimwambia Mokaya kwamba msimbo huu umerogwa na waliouandika.

Akauliza swali moja tu. "Inasimama mahali pamoja?"

"Hapana. Kila mara mahali pengine."

"Basi msimbo hauna makosa. Kosa la msimbo hukaa kwake. Kosa linalotangatanga ni la chuma." Akachukua bisibisi, akafungua boksi. Mnajua lile vumbi jepesi la chai, yale manyoya yanayoelea hewani ukipita karibu na mashine za kusaga. Lilikuwa limejishindilia kwenye feni ndogo ya kupozea kichwa cha kompyuta, limekuwa blanketi. Mle ndani mlitosha kupikwa chai ya harusi. Kompyuta ilikuwa ikifanya kazi ngumu, inapata joto, inachanganyikiwa, inaangusha hesabu. Nikaichukua ile brashi ya ndevu bila kuambiwa. Kernel ikapikika saa tano mfululizo bila kukohoa.

"Kila Ijumaa," Mokaya akasema. "Usingoje ikulilie."

Hilo ndilo nililojifunza vizuri. Lile jingine sikulijifunza, na ndilo lililobaki kunila.

Ilikuwa hivi. Tukishapika kernel mpya hatukufuta ile ya zamani. Mashine ikiwaka inaonyesha menyu fupi, mpya juu, za zamani chini yake. Mpya ikikataa, unashuka kwa kidole hadi ya jana na kazi inaendelea. Mokaya alizitunza tatu kila wakati. Siku moja tunakunywa chai dirishani, yeye nyeusi, mimi ya binadamu, tukaona mtu akipogoa shamba lake ng'ambo ya barabara. Mokaya akasema, "Kule kwa mashamba makubwa, tukikata kichaka tulikuwa tunaacha matawi mawili yenye majani. Tuliyaita mapafu. Kichaka kinapumulia hayo mpaka machipukizi yatoke, halafu ndiyo unayaondoa."

Nikacheka. "Mzee, hiyo ni kubembeleza mti. Mama yangu Kiptere anakata kila kitu. Anaacha vigingi vitupu, anavifunika na matawi aliyokata, na miezi mitatu baadaye shamba ni kijani. Chai haitaki huruma."

"Mvua ikichelewa je?"

"Mvua ya Kiptere? Ichelewe iende wapi?"

Akaitikia kwa kichwa, akanywa chai yake. "Sawa. Lakini hapa kwangu," akaelekeza kidole kwenye mashine, "tunaacha mapafu."

Mwaka huo mvua ilikuwa nzuri na majani yakaja kama mafuriko. Kiwanda kikaongeza vitanda sita, na kernel ilibidi ipikwe upya ili kadi ione feni mpya. Kabla hatujaanza, dada yake Mokaya akafariki. Akaomba ruhusa ya siku nne. Akaniachia daftari mezani, bila kulifungia, akaniambia, "Feni za zamani zinatosha wiki hii. Usiguse kitu. Nikirudi tutapika pamoja."

Nilitaka kumfurahisha. Naapa. Nilimwona akilini akirudi amechoka na vumbi la safari, mimi nimesimama mlangoni nikisema, Mzee, kaa chini, nimeshamaliza. Na nilitaka pia Mama Chelang'at aone kwamba yule mbeba majani wake sasa anapika kernel peke yake. Jumatatu asubuhi, vitanda vitupu, majani hayatafika mpaka saa nane, nikaanza mapema. Niliyajibu maswali kwa kufuata daftari, mpaka nikafika kwenye onyo dogo kwamba sehemu ya diski inayohifadhi kernel ina nafasi finyu. Nikaamua niikondeshe kernel yangu. Vitu vingi ambavyo Mokaya aliandika *ndani* mimi nikaviweka *pembeni*. Sababu zake zilikuwa hapo kando kwa penseli. Sikuzisoma. Niliona nimekuwa mjanja kuliko penseli.

Swali la mwisho nililijibu kama daftari lilivyosema, mokaya, na kernel ikapikika vizuri. Nilikuwa nimepiga brashi. Wakati wa kuisimika, mashine ikakataa: nafasi imejaa. Nikaangalia, nikaona kernel tatu za zamani zimekaa hapo, mokaya, mokaya, mokaya. Ningeweza kufuta moja. Fundi yeyote mwenye akili angefuta moja. Lakini mimi ni mtoto wa mama yangu, na mkono wangu ulijua njia moja tu ya kupogoa. Nikafuta zote tatu. Nakumbuka nilipiga mluzi.

Nikasimika yangu, nikawasha upya.

Maandishi yakapanda kwenye skrini, yakasimama. Kernel ilikuwa inasema haiwezi kufungua diski. Kile kipande cha kuifungulia diski nilikuwa nimekiweka pembeni, yaani juu ya diski yenyewe. Nilikuwa nimefungia ufunguo ndani ya nyumba. Nikangoja menyu nishuke kwa kidole hadi ya jana. Menyu ilikuwa na mstari mmoja.

Sidii ya kuokolea ilikuwepo, kwenye droo ya Mokaya. Kisomeo cha sidii cha mashine ile kilikuwa kimekufa kwa vumbi miezi mingi, na cha kubadilisha kilikuwa bado "kinaagizwa". Nikampigia Mokaya simu mara thelathini. Kule kwao milimani, siku ya mazishi, simu haikushika hata mara moja. Saa nane lori la kwanza likaingia getini.

Sitaeleza kila saa ya mchana ule. Malori yalikuja moja baada ya jingine, kwa sababu majani yaliyochumwa hayajui kusubiri. Fundi umeme wa zamu alipanda ngazi akafaulu kuunganisha feni tatu moja kwa moja. Tatu kati ya arobaini na zaidi. Mama Chelang'at aliwapanga watu wote waliokuwepo, wapishi, askari wa geti, sekretari na viatu vyake vya ofisini, wakayageuza majani kwa mikono ili yapate hewa. Mimi nilikuwa chini mbele ya skrini nikibonyeza na kuwasha upya, kuwasha upya, kana kwamba mashine ingesahau nilichoifanyia.

Akanipigia kelele kutoka juu. "Langat! Kuja hapa!"

Nikapanda. Akaukamata mkono wangu, akauzamisha katikati ya kitanda mpaka kiwiko. Ilikuwa kama kushika mgongo wa mtoto mwenye malaria.

"Unasikia?"

"Nasikia, Mama."

"Iko na homa. Niambie dawa iko wapi."

"Narekebisha, Mama."

"Utarekebisha lini, na inakufa ukiniangalia?"

Kabla jua halijatua vitanda vilikuwa vyekundu. Majani yakatoa ile harufu ya tunda lililooza ndani ya mkoba. Siku iliyofuata yote yalishushwa kwa koleo na kumwagwa nyuma ya kiwanda, kilima kirefu kuliko nyumba, na wakulima wakaja kusimama kukitazama. Mama yangu alikuwepo. Hakujua ni kazi yangu. Aliokota jani moja jekundu, akalinusa, akaniuliza kwa upole, "Kwani ni nini iliingia kwa mashine?" Nikamwambia mambo ya kompyuta ni magumu. Akaitikia, akasema pole.

Mokaya alifika alfajiri ya siku hiyo, na suti ya mazishi, udongo wa kwao ukiwa bado kwenye viatu. Kuna mtu alikuwa amemfikia hatimaye. Hakunisalimia wala hakunigombeza. Alisoma skrini, akafungua boksi, akatoa diski, akaibeba mpaka ofisi ya sekretari, akaipachika kwenye mashine ya huko iliyokuwa na kisomeo kizima, akaiwasha kwa sidii yake ya kuokolea. Sikujua kama diski inaweza kutembea hivyo. Chuo changu hakikufika ukurasa huo. Akafungua majibu yangu, akayapitia taratibu, akafika kwenye lile la diski, akanitazama juu ya miwani.

"Pembeni?"

"Nilitaka iwe ndogo, Mzee."

"Na zile tatu?"

Nikaangalia viatu vyake. "Ulikata mapafu," akasema, si kwa hasira. Akabadilisha jibu, akapika upya. Saa sita feni zote zikanguruma kwa pamoja, na Mama Chelang'at kule juu akaimba wimbo wa kanisani.

Alasiri tukaitwa kwa meneja wa wakati ule, mtu aliyekuwa mgeni kazini na aliyekuwa amepigiwa simu na wakubwa tangu alfajiri. Alikuwa na karatasi. Jana yake, wakati mashine imekufa, alikuja akanakili kwa mkono maandishi yote ya skrini, kila herufi, kama mtu anayenakili namba ya gari lililomgonga.

"Hapa," akasema, "kuna neno mokaya. Hii ni nini?"

"Ni jina langu," Mokaya akasema.

"Kwa nini jina lako liko ndani ya kitu kilichoharibu kiwanda?"

"Kila kernel ya mashine ile ina jina langu."

"Nimeelezwa na watu wanaojua. Mtu anaweza kuitega kompyuta. Anaenda zake likizo, inakufa, watu wanamlilia arudi. Anarudi, na kwa saa chache inapona. Unaona inavyoonekana, Mzee?"

Mokaya aligeuza kichwa akanitazama mimi. Hakunitolea macho. Alinitazama jinsi alivyozoea kunitazama akiuliza swali la kazi na kunipa muda nifikirie. Miwani yake ilikuwa imelegea upande wa waya wa simu. Nilikuwa na maneno manne tu ya kusema: ni mimi, yeye hakuwepo. Nilikuwa na watoto wawili na wa tatu njiani, nilikuwa na cheti kinachonuka mbolea, na mama yangu alikuwa nje na jani jekundu mkononi.

Nikakohoa. Nikaangalia dirishani.

Akangoja kidogo zaidi. Kisha akamgeukia meneja. "Jina ni langu," akasema.

Alifukuzwa kazi siku hiyo. Hakubeba kitu ila mwavuli wake. Mlangoni pa karakana nilimwambia, "Mzee, nitaongea nao, wacha hasira zitulie." Akasema, "Ijumaa usisahau brashi." Basi.

Sikuongea nao. Wiki ya kwanza hasira zilikuwa hazijatulia. Wiki ya pili nilipewa meza yake. Baada ya mwezi, kusema kungekuwa kusema mambo mawili, na baada ya mwaka, mambo kumi na mawili. Mama Chelang'at alijua, nadhani. Hakuwahi kunishika mkono tena kuniwekea juu ya jani. Alistaafu akiniita "Fundi", jina langu hajalitaja.

Nilichofanya ni hiki. Kila kernel niliyopika tangu siku ile, na nimepika nyingi kuliko chapati zilizowahi kuliwa Kipkelion, nilipofika swali la mwisho niliandika mokaya. Nilijiambia ni heshima. Lakini mtu akiikuta imeharibika angemwita nani? Nilikuwa nikimtwika jina lake mara kwa mara, na mimi nikiwa salama nyuma yake.

Miaka mingi baadaye nilikwenda kumwona. Nilimkuta kwenye kibanda sokoni kwao akitengeneza redio na chaja za simu. Mkono wa kushoto ulikuwa umekufa ganzi. Alishikilia redio kwa kifua, akafanya kazi na wa kulia. Alifurahi. Akaniagizia chai ya maziwa, maana hakusahau. Nilikuwa nimejiandalia maneno tangu Sotik, nimeyapanga vizuri kama mahubiri.

"Feni zinazunguka?" akauliza.

"Zinazunguka, Mzee."

"Unaacha ngapi kwa menyu?"

"Tatu."

"Vizuri." Akawa ananitazama vile vile, akinipa muda. Nikamsimulia kisa cha panya aliyeingia kwenye boksi la umeme akatoka mweupe. Alicheka mpaka akafuta macho. Nikacheka naye. Gari langu likafika, nikapanda.

Alifariki masika yaliyofuata. Mazishini waliniomba niseme neno kama mwenzake wa kazini. Nikasema juu ya chai nyeusi na miwani ya waya wa simu, na waombolezaji wakacheka kwa machozi, na mjane wake akaja akanishika mikono yote miwili, akasema, "Asante, baba. Wewe ndiye hukumkimbia." Mimi ndiye niliyebaki na daftari lake na brashi yake, na sikuwa hata na ujasiri wa kumrudishia mama huyo.

Wiki iliyopita, Cherono, nilikupigia. Nilikuwa nimeamua kwamba nitakuja, nitaiwasha mashine ya feni, nitakuonyesha lile jina kwenye skrini, na nitakueleza nikiwa nimelitazama. Ukasema, "Woi, Mzee, umechelewa. Hiyo ilibebwa Jumanne na watu wa vyuma. Sasa tuko na ile mpya, inaendeshwa kutoka Nairobi, hakuna kitu ya kupika." Ukaongeza, ukinitania, "Kwani ulitaka kumuaga ng'ombe wako?"

Nikakwambia, "Aa, wacha, ng'ombe ni ng'ombe." Na nikacheka tena, Cherono. Nimezoea kucheka kuliko kusema.

Jina lake haliko tena popote pale kiwandani ila mahali pamoja. Kwenye chumba cha mafaili ya wafanyakazi wa zamani, kama panya wameliacha, kuna faili lake, na karatasi ya juu kabisa inasema alitega mashine ya mwajiri kwa makusudi. Mjane wake aliwahi kusomewa karatasi hiyo. Watoto wake wanaijua. Nakuomba utoe nakala mbili za barua hii. Moja uiweke humo juu ya ile. Nyingine, pamoja na daftari na brashi nitakazokutumia, uzifikishe kwa mjane wake. Ningezipeleka mwenyewe, lakini unanijua sasa: nitafika, nitaagiziwa chai, nitasimulia kisa cha panya.

Mokaya alikuwa fundi. Siku ile alikuwa kwao akimzika dada yake. Aliyefuta kernel zote tatu ni mimi, Langat, na nilikuwa nikipiga mluzi.